Mkono Uliosuka Ukili Unaujua Umeme wa Njia Tatu

Haya ni maneno niliyoyasema Mikindani mbele ya akina mama wasuka mikeka, vijana wanaojifunza ufundi umeme, na wazazi wao. Walioshindwa kufika wameomba niyaandike, nami nimeyaandika kama nilivyoyasema. Pale tuliposhika ndizi na nazi mkononi, wewe unayesoma tafuta yako jikoni.

Mtwara kuchele!

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama mliokaa mkekani huku mbele, shikamooni. Wanangu wa ufundi, hamjambo? Ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja.

Naanza na kitendawili. Kitendawili!

Mmesema tega, nami natega. Watoto wangu watatu wamekaa duara, wanapiga makofi kwa zamu, na kofi linazunguka. Wawili wakibadilishana nafasi, kofi linarudi nyuma. Wote watatu wakihama nafasi, kofi linaendelea kulekule lilikokuwa likienda. Ni nini?

Mmeshindwa, nipeni mji. Mmenipa Mikindani, nimeupokea. Jibu mtalipata mwishoni, tena mtaliona kwa macho yenu.

Jambo lililonileta ni moja. Nimekuwa fundi umeme kwa muda mrefu, na nimewafundisha mabinti wengi kazi hii. Wanakuja wakiwa na hamu. Kufunga taa wanaelewa, soketi wanaelewa, mita wanaelewa. Tukifika kwenye umeme wa njia tatu, ule unaokuja kwa nyaya tatu zinazopeana zamu, naona uso wa binti unafunga kama duka. “Hiyo ngumu, mwalimu. Hiyo ya wanaume.” Na huyu anayeniambia hivyo, nikimtazama kichwani, nywele zake amezisuka mwenyewe!

Mwanangu, umesuka mafungu matatu ya nywele gizani bila kioo, bila kukosea zamu hata mara moja. Nani kakudanganya kwamba njia tatu hujui?

Haya, tushike vitu mkononi. Kila mmoja amepewa ndizi. Imenye. Ivunje katikati. Sasa weka ncha ya kidole katikati kabisa ya pale ulipovunja, usukume taratibu kwenda chini. Usiiponde, sukuma tu. Mnaona? Imepasuka yenyewe kwa urefu, na vipande vyake ni vitatu. Hesabuni. Kuna aliyepata viwili? Kuna aliyepata vinne? Hakuna. Umekula ndizi tangu hujaota meno, na kila siku ulikuwa unakula vyumba vitatu vilivyoungana. Ndizi mwitu hubeba mbegu humo. Hizi zetu mbegu zake zimekufa, zimebaki vidoa vyeusi vya katikati.

Sasa nazi. Mama, nipe ile iliyofuliwa. Tazameni kichwani: macho matatu. Bonyezeni kila jicho kwa kijiti. Mawili magumu kama kifuu chenyewe, moja laini. Bibi yangu alitoboa hilo laini nikanywa maji kabla ya kukuna, na alinifundisha kulitafuta kwa kidole gumba bila kutazama. Nazi inaanza ikiwa na vyumba vitatu, kisha viwili vinasinyaa na kimoja ndicho kinachokua. Jicho laini ni la chumba kilichobaki hai, na chipukizi la mnazi hutokea hapohapo. Hata makumbi yake, kabla hujayafua, yana pembe tatu. Umri wote huu tunafua nazi na tatu yake imetukodolea macho.

Ukirudi shamba, pasua tunda kavu la muhogo, lile dogo linaloachwa juu ya mti: vyumba vitatu, kila kimoja na mbegu yake. Mbarika vilevile. Lakini mkorosho, mti unaotusomeshea watoto mkoa mzima, ua lake lina petali tano. Hilo nalisema makusudi, asitoke mtu hapa akatangaza kwamba kila kitu duniani ni tatu. Kinachonishika mimi ni mpangilio kuliko idadi. Vitu vilivyo sawa vimekaa kwa kupeana nafasi sawa, na kila kimoja kinangoja zamu yake. Zamu, wanangu. Neno hilo mlishike, maana tutakuwa nalo mpaka jua lizame.

Mnanasi tuutazame kidogo. Yale magamba ya nanasi yamepanda kwa mistari inayozunguka. Hesabu mistari inayolalia kulia, kisha inayolalia kushoto. Mara nyingi utapata 8 upande mmoja na 13 upande mwingine. Alizeti kubwa hukupa 34 na 55. Kwa nini? Kila chipukizi jipya hutokea mahali penye nafasi zaidi, mbali na waliotangulia, na ukipima hatua kutoka moja hadi linalofuata unapata takriban nyuzi 137.5 za duara. Mwaka 1992 Wafaransa wawili, Stéphane Douady na Yves Couder, walifanya jambo zuri sana. Walidondosha matone ya kimiminika chenye sumaku kwenye sahani ya mafuta, tone baada ya tone, ndani ya uga wa sumaku. Matone yakasukumana, kila moja likakimbilia penye nafasi, na kwenye sahani ikatokea mizunguko ileile ya nanasi na alizeti. Sahani ile haikuwa na uhai wowote. Kulikuwa na sumaku, nafasi, na zamu ya kudondoka.

Sasa akina mama, swali lenu. Nani hapa ameshona kawa?

Mikono mingi, nafurahi. Kawa unaanzia kileleni. Unachukua ukili, unauzungusha, unaushona ukingo kwa ukingo, unazidi kushuka mpaka kawa lifunike sinia. Upana wa kila mzunguko ni uleule, kwa sababu ukili wako upana wake ni mmoja. Lakini chukua gamba la konokono wa baharini. Nalo linazunguka, ila kila mzunguko ni mpana kuliko uliopita. Konokono hajengi popote isipokuwa mdomoni mwa gamba, na kadiri anavyonenepa mdomo unapanuka. Kwa hiyo gamba la mtoto na la mzee umbo ni lilelile, limekuzwa tu.

Kulikuwa na mtaalamu wa hesabu Uswisi, Jakob Bernoulli. Alilipenda mno umbo hili la konokono, akausia lichongwe kwenye kaburi lake. Alikufa mwaka 1705 mjini Basel. Mchongaji akachonga mzunguko wenye nafasi sawa. Yaani, akina mama, mzee aliomba konokono akachongewa kawa! Mpaka leo liko pale. Nina hakika mshona kawa yeyote wa Mikindani angesimama mbele ya lile jiwe akasema, “Baba, siyo hili.”

Na konokono tunao wa zamani kuliko tunavyofikiri. Tendaguru, kule Lindi, Wajerumani walichimba mijusi mikubwa ya kale kati ya mwaka 1909 na 1913. Kazi ya jembe na ya kubeba ilikuwa ya wenyeji, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani. Mjusi mmoja amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, na wengi wetu tunamjua huyo. Wasichojua wengi ni kwamba tabaka mojawapo la udongo ule limepewa jina la konokono: Nerinella, konokono wa baharini mwembamba, mrefu, aliyejisokota kama parafujo. Miaka takriban milioni 150 iliyopita alikuwa akizunguka huku akisonga mbele. Lishikeni na hilo: kuzunguka huku unasonga mbele. Ndilo linalotupeleka kwenye kamba.

Lugha yetu ina maneno mawili hapa, na msiyachanganye: kusokota na kusuka.

Bibi yangu alikuwa akipota kamba ya usumba pajani. Alichukua nyuzi za makumbi, akazisokota kwa kiganja kuelekea mbele. Alipokuwa na nyuzi tatu, aliziunganisha kwa kuzisokota kinyume, kuelekea nyuma. Nikamuuliza, “Bibi, mbona unarudisha?” Akanipa uzi mmoja na kuniambia niuachie. Ukafumuka wote mkononi mwangu. Kisha akanipa kamba nzima niiachie. Haikufumuka. Kila uzi ulitaka kujifungua upande wake, na kamba ilitaka kujifungua upande mwingine, zikazuiana. Wala hakuwa na neno la kisayansi. Alikuwa na paja na kiganja.

Niliposhika kwa mara ya kwanza kipande cha waya mkubwa wa laini ya umeme, nikatazama pale ulipokatwa, nilimkumbuka. Katikati chuma, kimezungukwa na nyuzi za alumini. Safu moja imesokotwa kulia, safu ya juu yake kushoto.

Na miili yetu? Kano zinazoshika misuli, ngozi, mifupa, vyote vinashikiliwa na kitu kinachoitwa kolajeni. Mwaka 1954 wataalamu wawili wa Madras, India, G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha, walieleza kwamba kolajeni ni nyuzi tatu zilizojisokota pamoja. Kila uzi peke yake umejipinda kushoto, na vitatu kwa pamoja vinajisokota kulia. Ni kamba ya bibi! Ukichemsha makongoro usiku kucha, moto unazifumua zile nyuzi tatu, na supu ikipoa inaganda kama jeli. Anayekunywa supu ya makongoro asubuhi pale sokoni anakunywa kamba zilizofumuliwa.

Huko ndiko kusokota. Kusuka ni kazi nyingine. Katika kusokota wote wanaelekea upande mmoja. Katika kusuka, wa kulia anavuka kuja katikati, kisha wa kushoto anavuka kuja katikati, kisha wa kulia tena. Bibi alinianzisha kwa miyaa mitatu tu, nikiwa na miaka sita hivi. Hakunipa mingi mpaka vidole vizoee. Alichonikazia ni hiki: “Hakuna mwaa wa katikati. Kila mmoja atakaa katikati, kila mmoja atakaa pembeni.” Nilipompendelea mmoja, ukili ulipinda kama mkia wa ng'ombe na akaufumua wote.

Hakuna wa katikati. Kila mmoja atakaa katikati. Nitarudi hapo.

Sasa umeme wenyewe. Na hapa nawaomba wanangu wa ufundi mwache kwanza madaftari, mwende na mimi uani kwa bibi.

Kinu kimoja. Wanawake watatu wamekizunguka, kila mmoja na mchi wake. Wanatwanga. Wa kwanza anashusha, wa pili anashusha, wa tatu anashusha, na wa tatu anapoinua, wa kwanza yuko njiani kushuka. Du, du, du. Mmoja akitwanga peke yake, kuna kishindo, kisha kimya anapoinua mchi. Watatu wakitwanga kwa zamu, kinu hakinyamazi kamwe. Na uzuri wake ni kwamba hakuna anayefanya kazi zaidi ya mwenzake.

Huo ndio umeme wa njia tatu. Umeme unaokuja majumbani unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Ukiwa na njia moja tu, ambayo sisi mafundi tunaiita fezi, nguvu inafikia sifuri mara 100 kila sekunde, kama mchi mmoja unaoinuliwa. Ukiwa na fezi tatu, kila moja imeachana na mwenzake kwa theluthi ya mzunguko, nyuzi 120, basi jumla ya nguvu haipandi wala haishuki. Imetulia kama maji ya ghuba yetu alfajiri. Ndiyo maana mota ya njia tatu haitetemi kama ya njia moja.

Je, kwa nini kwenye nguzo za msongo wa kilovolti 33 mnaona nyaya tatu tu? Umeme si lazima urudi? Waya wa kurudia uko wapi?

Naomba vijana watatu mje hapa. Hii ni pete ya chuma, imefungwa kamba tatu. Kila mmoja ashike kamba, msimame kwa kuachana sawasawa. Vuteni, nguvu sawa. Pete inakwenda wapi? Haiendi popote. Kila mmoja anavuta kweli, mishipa imesimama, na pete imetulia hapohapo. Kwenye nyaya ni hivyohivyo. Fezi ya kwanza ikiwa juu kwa 100, nyingine mbili kila moja iko chini kwa 50. Jumlisheni: mia, toa hamsini, toa hamsini. Sifuri. Zikibeba mzigo sawa, kinachokwenda kwa mmoja kinarudi kwa wawili, saa zote, wala hakihitaji waya wa nne. Waya wa nne, nyutro, tunaukuta baada ya transfoma, kwa sababu majumbani mizigo hailingani: huyu anapiga pasi, yule amewasha taa moja.

Na hapo kuna akiba kubwa. Kusafirisha nguvu ileile, kwa msongo uleule na upotevu uleule, nyaya tatu za fezi tatu hutumia robo tatu tu ya shaba inayohitajika kwa nyaya mbili za fezi moja.

Vijana wangu wa mwaka wa kwanza huwa nawauliza: fezi na nyutro ni volti 230, je, fezi na fezi ni ngapi? Wanaitikia wote, “460!” Hapana. Fezi mbili hazikuelekeana moja kwa moja kama watu wanaovutana kamba. Zimeachana kwa nyuzi 120. Zidisha 230 kwa 1.732, unapata takriban 400. Ile 1.732 ni kipeuo cha pili cha tatu. Tatu imejificha hata kwenye mita unayoshika mkononi.

Walioligundua hili hawakuwa mbali sana na kinu. Galileo Ferraris wa Turin, mwaka 1885, na Nikola Tesla, aliyelifikiria akiwa anatembea bustanini Budapest mwaka 1882, waliona jambo moja kila mtu kivyake: ukipanga koili, yaani mafungu ya waya uliozungushwa, kwa duara na kuzipa umeme kwa zamu, sumaku yenyewe inazunguka ingawa koili zimesimama. Chuma kilichowekwa katikati kinaifuata ile sumaku. Hakuna kinachokigusa! Wao walianza na njia mbili. Hata Niagara kule Marekani, mitambo ya mwaka 1895 ilifua umeme wa njia mbili, na ilipobidi kuupeleka mji wa Buffalo mwaka 1896 wakaugeuza kuwa wa njia tatu, kwa sababu njia mbili inakula nyaya.

Aliyesimama na tatu tangu mwanzo ni Mrusi mmoja aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, Mikhail Dolivo-Dobrovolsky. Mota yake ya njia tatu ilikuwa tayari mwaka 1889, na ndiyo baba wa mota zote za mashine za kusaga mnazozisikia mitaani. Watu wakawa hawaamini kwamba umeme unaweza kwenda mbali. Mwaka 1891 paliandaliwa maonyesho Frankfurt, na umeme ukafuliwa Lauffen kwa nguvu ya mto Neckar, kilomita takriban 175 kutoka pale. Ni mbali kuliko kutoka hapa hadi Lindi. Ukapita kwenye nyaya tatu za shaba zenye unene wa milimita 4, unene wa kijiti cha mshikaki. Ulipofika Frankfurt ukawasha taa 1,000, na ukaendesha pampu iliyopandisha maji yakaanguka kama maporomoko. Wazia mtu amesimama pale usiku, anatazama maji yanaanguka mbele yake, na nguvu ya kuyapandisha inatoka kwenye mto ulioko mikoa ya mbali. Mimi nikisoma habari ile mwili hunisisimka hadi leo.

Na sisi? Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982. Inachomwa, inazungusha mashine, na ndani ya kila jenereta kuna mafungu matatu ya koili, yameachana kwa theluthi ya duara.

Hapa naomba msikilize neno linalotumika kwenye karakana zetu. Mota ikiungua, fundi hasemi anaitengeneza. Anasema anaisuka. “Hii mota inataka kusukwa.” Nani aliwafundisha neno hilo? Hakuna. Mkono ulijua. Fungua mota yenye mifereji 36 ya kulazia koili: kila fezi ina mifereji 12, na koili zinapishana, ya kwanza inaruka juu ya ya pili, ya pili juu ya ya tatu. Ukitazama ncha zake kwa mbele, zimelaliana kama taji la nywele kichwani mwa bibi harusi.

Nawapa visa viwili vya kwangu.

Mwaka wangu wa pili kazini tulikuwa kwenye kiwanda kimoja cha korosho. Mota ya pampu ya maji ilikuwa imerudi kutoka kusukwa, nikapewa kuifunga. Nikafunga nyaya tatu, nikakaza, nikawasha. Ikazunguka, sauti safi kabisa. Maji yakatoka kidogo, hayapandi tangini. Tukafungua valvu, tukakagua bomba, tukatafuta panapovuja. Siku nzima, na wafanyakazi wanangoja maji. Jioni akaja fundi mzee. Hakugusa bomba. Aliinama, akafuta vumbi kwenye kasha la pampu kwa kiganja, ukatokea mshale uliochongwa kwenye chuma. Akautazama mshale, akautazama mhimili. Akaniambia, “Binti yangu, zima. Hamisha huu uje hapa, na huu uende pale. Huo wa tatu uache.” Nikabadilisha mbili. Nikawasha. Maji yakapanda kwa kishindo mpaka bomba likatikisika.

Nyaya tatu zilikuwa zilezile. Umeme uleule. Nilikuwa nimeivuruga zamu tu: badala ya nyekundu, njano, bluu, mota ilipata nyekundu, bluu, njano. Sumaku ikazunguka kinyume, pampu ikazunguka kinyume. Hakuna umeme wa kwenda mbele na umeme wa kurudi nyuma. Kuna zamu.

Kisa cha pili ni cha mashine ya kusaga kijijini, upande wa Tandahimba. Fyuzi moja ilikatika mashine ikiwa inasaga. Haikusimama. Iliendelea na fezi mbili, ikiunguruma kwa sauti nzito, na mwenye mashine akadhani ni mahindi magumu. Nilipofika, harufu ya vanishi iliyoungua ilinipokea mlangoni. Nikaifungua ile mota. Mafungu mawili ya koili yalikuwa meusi tititi, yanabomoka ukiyagusa. Fungu la tatu lilikuwa linang'aa, shaba mpya kabisa, halina doa. Ndilo lililokuwa la fezi iliyokatika. Lile lilipumzika, na wenzake wawili wakabeba mzigo wa watatu mpaka wakaungua. Wazee walisema jifya moja haliinjiki chungu. Siku ile nilijua na mawili hayainjiki. Kwa hiyo wanangu, mota ya njia tatu isifungwe bila kinga ya kuizima fezi moja inapopotea, hata mwenye mashine akikwambia ni gharama. Mwonyeshe picha ya ile mota. Ninayo.

Nilisema nitarudi kwa bibi na miyaa yake. Kwenye laini ndefu za msongo mkubwa, nyaya tatu zikipangwa sambamba, wa katikati ana jirani kulia na kushoto, wa pembeni wana jirani mmoja mmoja. Umbali mrefu ukipita, huyo wa katikati anaathiriwa na wenzake tofauti na walio pembeni, na fezi hazilingani tena. Wahandisi wanafanya nini? Baada ya theluthi ya safari, kwenye mnara maalumu, wanazibadilisha nafasi. Wa katikati anakwenda pembeni, wa pembeni anakuja katikati. Baada ya theluthi nyingine, tena. Mpaka laini inafika mwisho, kila waya umekaa kila nafasi kwa theluthi ya njia. Ungeweza kupaa juu kama mwewe ukaitazama laini nzima, ungeona msuko mmoja mkubwa uliolala juu ya misitu na mito.

Hakuna wa katikati, kila mmoja atakaa katikati. Bibi yangu hakuwahi kuona mnara wa umeme. Alikufa taa yake ikiwa ya kibatari. Lakini wanachokifanya wahandisi kwa kreni na winchi alikijua kwa vidole viwili na gumba, na alinifundisha kabla sijajua kusoma. Nami kwa hilo nalia kila nikilisema, mnisamehe.

Sasa deni langu, jibu la kitendawili. Mabinti watatu, njooni. Wewe shika utepe mwekundu, wewe njano, wewe bluu. Simameni duara: nyekundu upande wa mlango, njano upande wa bahari, bluu upande wa mwembe. Pigeni makofi kwa zamu: nyekundu, njano, bluu. Tena, tena, msisimame. Tazameni kofi linavyokimbia: mlango, bahari, mwembe.

Njano na bluu, badilishaneni nafasi. Zamu ibaki ileile: nyekundu, njano, bluu. Kofi linakwenda wapi? Mlango, mwembe, bahari. Limegeuka! Hiyo ndiyo pampu yangu ya korosho.

Rudini mwanzo. Sasa wote watatu msogee nafasi moja. Nyekundu nenda baharini, njano nenda mwembeni, bluu nenda mlangoni. Pigeni. Bahari, mwembe, mlango. Bahari, mwembe, mlango. Kofi linapita kulekule lilikokuwa likipita. Watoto wale watatu ni nyaya tatu za mota: ukizihamisha zote tatu kwa zamu, mota haigeuki.

Mji wenu nawarudishia. Mabinti, tepe hizo msiziweke chini bado, kaeni hapa mbele mzisuke tukiwa tunapokea maswali. Haya, nani anaanza?